Jinsi ya Kusoma na Kuchora Mchoro wa Shughuli kwa Kufuata Kete

Wanafunzi wengi wa sayansi ya kompyuta wanapokutana na mchoro wa shughuli (activity diagram), yaani mchoro unaoonyesha jinsi kazi inavyofanyika, kwa mara ya kwanza hudhani kwamba wameshauelewa, kwa sababu unafanana sana na chati ya mtiririko waliyofundishwa zamani: kuna visanduku, kuna mishale, kuna umbo la almasi linalouliza swali. Kufanana huko ndiko kunakowaponza. Chati ya mtiririko husimulia hatua za mtekelezaji mmoja anayefanya jambo moja kwa wakati mmoja, ilhali mchoro wa shughuli unaweza kueleza kazi inayofanywa na watu, mashine na objekti (vitu vinavyowakilishwa ndani ya programu) kadhaa kwa pamoja, wakingojana mahali fulani na kuachana mahali pengine. Anayeusoma kama chati ya mtiririko huelewa nusu yake tu, na makosa mengi hutokea katika ile nusu nyingine.

Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi wa chuo au mwandishi wa programu anayeanza. Mfano wake nimeuchukua mahali ambapo msomaji wa Uganda hahitaji maelezo marefu, yaani kituo cha kukusanyia maziwa katika ukanda wa ng'ombe wa magharibi, tuseme upande wa Mbarara au Kiruhura, ambako wafugaji hufika asubuhi na mapema na madebe yao juu ya baiskeli na bodaboda. Vifaa vinavyohitajika ni karatasi pana, penseli, kifutio na punje chache za maharage.

Kwa nini maharage

Aliyewahi kucheza bao, au omweso kama unavyoitwa kwetu, anajua kwamba ubao wenye mashimo 32 haumwambii mtazamaji lolote mpaka kete 64 zianze kutembea. Mchoro wa shughuli uko vivyo hivyo. Mistari na visanduku ni ubao tu, na maana yake imo katika mwendo wa kete juu ya ubao huo. Kete zetu ni punje za maharage. Kete huwekwa kwenye alama ya mwanzo, ambayo ni duara dogo lililojazwa wino, kisha hufuata mshale hadi kwenye tendo, ambalo huchorwa kama mstatili wenye pembe za mviringo. Tendo huanza pale ambapo kila mshale unaoingia ndani yake umeleta kete, na linapomalizika huweka kete kwenye kila mshale unaotoka. Kanuni hiyo ni fupi, lakini sehemu kubwa ya yatakayofuata hapa inatokana nayo, kwa hiyo isomwe mara mbili.

Haikuwa hivyo tangu awali. Lugha ya UML (Unified Modeling Language), yaani lugha ya alama za kuchorea mifumo ya programu, ambayo mchoro huu ni mmojawapo wa aina zake 14 za michoro, ilitokana na kazi ya Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson, na ilipitishwa kuwa kiwango na shirika la Object Management Group mwaka 1997. Katika matoleo yale ya kwanza mchoro wa shughuli ulihesabiwa kuwa namna ya pekee ya mchoro wa hali, yaani mchoro unaoonyesha hali ambazo kitu hupitia, na mishale miwili ikiingia kwenye tendo moja, yoyote kati yake ilitosha kulianzisha. Toleo la 2.0, lililotoka mwaka 2005, lilivunja undugu huo na kuufanya mwendo wa kete kuwa msingi wa mchoro, kwa mtindo unaokaribiana na mitandao ya Petri, yaani michoro ya kihisabati ya kete, iliyoanzishwa na Mjerumani Carl Adam Petri katika tasnifu yake ya mwaka 1962. Tangu hapo mishale miwili inayoingia kwenye tendo moja ina maana kwamba tendo litaisubiri yote miwili. Naitaja historia hii kwa sababu vitini vya fotokopi vinavyopita mkono kwa mkono miongoni mwa wanafunzi mara nyingi vimenakiliwa kutoka vitabu vya toleo la zamani. Mwanafunzi anayejibu mtihani kwa kitini cha namna hiyo hukosa kwa uaminifu kabisa.

Weka mipaka, kisha wahusika

Kabla ya kuchora kisanduku chochote, andika sentensi mbili: moja ieleze kinachoianzisha shughuli, nyingine ieleze kinachoimaliza. Katika mfano wetu, shughuli inaanza mfugaji anapofika dirishani na inaisha anapoondoka akiwa amepewa risiti. Malipo, ambayo hufanyika baada ya siku kadhaa kwa pesa za simu, ni shughuli nyingine yenye mchoro wake. Wanaoanza hupenda kuyaingiza yote katika karatasi moja, kuanzia ng'ombe anapokamuliwa hadi fedha zinapoingia kwenye simu, na mchoro wao huishia kuwa mkeka usiosomeka.

Baada ya hapo, gawa karatasi katika safu, kila mhusika na safu yake. Hapa tuna safu tatu: Mpokezi, Mpimaji na Mfumo, yaani programu yenyewe. Mfugaji anaweza kupewa safu yake iwapo kuna matendo yanayomhusu yeye peke yake. Kama hayapo, safu tupu haina kazi. Faida ya safu ni kwamba zinamlazimisha mchoraji kujibu swali la nani anafanya nini, swali ambalo katika mazungumzo ya ofisini hupotea kirahisi. Meneja husema "maziwa yanapimwa", na kauli hiyo ya kutendwa inamficha mpimaji. Ukiwa na safu tatu mbele yako, huwezi kukiacha kisanduku kielee hewani.

Majina ya matendo yaandikwe kwa kitenzi cha amri kikifuatwa na kitu kinachotendwa, kwa mfano "Pima debe", "Mimina tangini", "Andika lita". Usiandike "Upimaji wa maziwa". Nomino za namna hiyo hazionyeshi mwanzo wala mwisho wa tendo, na mara nyingi ndani ya moja yamejificha matendo matatu au manne. Hapo Kiswahili kinatusaidia: safu inatoa mtenda, kisanduku kinatoa kitenzi na kitendwa, na ukivisoma kwa pamoja unapata sentensi kamili, mpimaji anapima debe.

Uamuzi na muungano

Mpokezi anamtambua mfugaji kwa namba yake. Mpimaji anapima debe kwa kunusa, kwa kipimo cha spiriti ambacho huyagandisha maziwa yaliyoanza kuchacha, na kwa laktomita, ambayo huonyesha wiani na hivyo kumfichua aliyeongeza maji. Tuseme kituo chetu kimeweka kwamba usomaji unaokubalika ni kuanzia 1.026 hadi 1.032. Matokeo hayo yanatuleta kwenye umbo la almasi, nodi ya uamuzi (nodi ni alama yoyote inayounganishwa na mishale).

Kete inayoingia kwenye nodi ya uamuzi hutoka kwa mshale mmoja tu, na kila mshale unaotoka lazima uwe na sharti ndani ya mabano ya mraba. Andika [limefaulu] upande mmoja na [vinginevyo] upande wa pili. Neno hilo la pili lisidharauliwe. Ukiandika [zaidi ya 1.026] na [chini ya 1.026], debe litakalosoma 1.026 kamili halitakuwa na njia, na kete itabaki imesimama kwenye almasi huku mfugaji akiwa amesimama dirishani. Masharti yakipishana, hali ni mbaya vilevile, kwani lugha haisemi ni mshale upi utakaochaguliwa, na kila mwandishi wa programu atachagua wake.

Almasi hiyohiyo hutumika kwa kazi ya kinyume, yaani kuzikutanisha njia zilizotengana. Hiyo ni nodi ya muungano: mishale kadhaa inaingia, mmoja unatoka, na kila kete inayofika hupita bila kumngoja mwenzake. Wengi huiona kama pambo wakaiacha, na matokeo yake yanastahili kuangaliwa kwa utulivu.

Mfugaji wetu ana madebe matatu. Baada ya debe la kwanza kushughulikiwa, kuna uamuzi: [kuna debe jingine] unarudi kwenye "Pima debe", na [vinginevyo] unaendelea kwenye risiti. Mchoraji mwenye haraka huurudisha mshale moja kwa moja kwenye kisanduku cha "Pima debe", ambacho tayari kinaingiwa na mshale kutoka "Mtambue mfugaji". Sasa chukua punje ya maharage na uiweke mwanzoni. Itapita kwenye "Mtambue mfugaji", itafika kwenye "Pima debe", na hapo itakwama, kwa maana tendo hilo lina mishale miwili inayoingia na linasubiri kete mbili, ilhali kete ya pili haiwezi kuzaliwa mpaka tendo lenyewe litekelezwe. Kituo hakitapima debe hata moja. Dawa yake ni almasi ndogo ya muungano juu ya "Pima debe", ipokee mishale yote miwili na kutoa mmoja.

Mgawanyo na makutano

Hapa ndipo mchoro wa shughuli unapoachana kabisa na chati ya mtiririko, na hapa ndipo niliwahi kuumbuka mwenyewe.

Debe likifaulu, mambo mawili hufanyika kwa wakati mmoja. Mpokezi anayamimina maziwa kwenye tangi la kupozea, na mpimaji anaweka lebo kwenye chupa ndogo ya sampuli. Hakuna anayemhitaji mwenzake ili aanze. Hali hiyo huonyeshwa kwa mstari mnene, nodi ya mgawanyo, ambao hupokea kete moja na kutoa kete kwenye kila mshale unaotoka. Yote mawili yakikamilika, kete hizo huingia kwenye mstari mnene wa pili, nodi ya makutano, ambao huzisubiri zote kisha hutoa moja. Ndipo mfumo unapotekeleza "Andika lita" kwenye akaunti ya mfugaji.

Katika mchoro mmoja niliowahi kuuandaa, badala ya mstari mnene wa makutano niliweka almasi ya muungano, kwa kuwa ilionekana nadhifu zaidi kwenye karatasi. Mwandishi wa programu aliufuata mchoro kwa uaminifu. Kwa kuwa almasi haimngojei yeyote, kete ya kumimina ilipita ikaandika lita, na kete ya sampuli nayo ilipita ikaandika lita. Debe la lita 20 likahesabiwa kuwa lita 40. Kosa liligunduliwa wakati wa majaribio, kabla ya shilingi yoyote kutoka, lakini nililiona mbele ya watu, na tangu siku hiyo siamini unadhifu wa mchoro mpaka nimeuzungusha kwa punje.

Kosa la kinyume ni kutanguliza uamuzi na kumalizia kwa makutano. Uamuzi ulitoa kete moja, makutano yanasubiri mbili, na mkwamo hauna mwisho. Kwa hiyo kilichotenganishwa na almasi kikutanishwe na almasi, na kilichogawanywa na mstari mnene kikutanishwe na mstari mnene, isipokuwa pale ambapo una sababu unayoweza kuieleza kwa sauti.

Miisho miwili

UML ina alama mbili za mwisho. Mwisho wa shughuli ni duara lenye kiini kilichojazwa wino, na kete ya kwanza inayolifikia huzima kila kitu kwenye mchoro, hata matendo yaliyokuwa yakiendelea kwingine. Mwisho wa mkondo ni duara lenye alama ya X, nalo huimeza kete iliyolifikia peke yake.

Tuseme kituo kimeamua kwamba sampuli ichukuliwe kwa baadhi ya madebe tu. Tunaongeza uamuzi kwenye tawi la mpimaji: [ni zamu ya sampuli] unaelekea "Weka lebo", na [vinginevyo] uelekee wapi? Ukiupeleka kwenye mwisho wa shughuli, umeizima kazi yote wakati mpokezi ameinua debe juu ya tangi. Ukiupeleka kwenye mwisho wa mkondo, kete inakufa kimya, na makutano yatamsubiri marehemu. Jibu sahihi ni kuziunganisha njia zote mbili kwa almasi kabla ya kufika kwenye makutano, ili kete moja ifike vyovyote iwavyo.

Mwisho wa mkondo una mahali pake halali, hasa kwa kazi ambayo hakuna anayeisubiri. Mfano ni ujumbe mfupi wa simu wa kumwarifu mfugaji, unaotumwa baada ya "Andika lita" wakati mpokezi akiendelea na debe jingine. Hata hivyo kuna mtego: njia kuu ikifika kwenye mwisho wa shughuli kabla ujumbe haujatoka, ujumbe utazimwa pamoja na yote. Kama unataka ujumbe utoke kwa hakika, imalizie njia kuu pia kwa mwisho wa mkondo, kwa kuwa shughuli huisha yenyewe pale ambapo hakuna kete iliyobaki wala tendo linaloendelea.

Kutoka mchoro hadi klasi

Mpaka hapa tumeongea kana kwamba kete hazibebi chochote. Katika uundaji wa modeli kwa mkabala wa objekti, nyingi hubeba objekti. Kati ya matendo mawili unaweza kuchora mstatili wa pembe kali wenye jina la objekti na hali yake: Debe [limepokelewa], kisha Debe [limepimwa], kisha Debe [limekataliwa]. Usiviweke visanduku hivyo vya objekti kila mahali. Viweke pale ambapo hali ya objekti inabadilika kwa namna ambayo tendo linalofuata linaitegemea. Ukivikusanya utaona kwamba umeshapata klasi (aina ya objekti) ya Debe pamoja na orodha ya hali zake, na mchoro wa hali wa klasi hiyo uko karibu kukamilika.

Matendo yaliyomo katika safu ya Mfumo huelekea kuwa methodi, yaani kazi ambazo objekti za klasi fulani zinaweza kuzifanya. Swali ni ziwekwe kwenye klasi ipi, na kanuni ninayoitumia ni kuangalia ni objekti gani inayobadilishwa na tendo. "Andika lita" linalisoma debe lakini linabadilisha akaunti, kwa hiyo methodi ni ya klasi ya Akaunti, nayo hupokea debe. Wanafunzi wengi huibandika kwenye klasi moja kubwa waliyoipa jina la Meneja, na baada ya wiki mbili klasi hiyo inafanya kila kitu huku nyingine zikibaki makabati ya data. Matendo ya safu za binadamu hayawi methodi za kuwaigiza wanadamu hao. Aghalabu huwa skrini, fomu au kitufe ambacho mtu atakibonyeza kusema kwamba amemaliza.

Mchoro huu hauonyeshi vizuri ujumbe unaopita kati ya objekti moja na nyingine. Kwa hilo tumia mchoro wa mfuatano, aina nyingine ya mchoro wa UML.

Umeme unapokatika

Msomaji wa Uganda angeshangaa kama mfano mzima wa tangi la kupozea ungepita bila kuutaja umeme. UML ina namna ya kuonyesha jambo linalovunja kazi katikati: eneo lililozungushiwa mstari wa vipande, lenye nodi ya kupokea tukio ndani yake, na mshale wa umbo la radi unaotoka nje ya eneo. Tukio la "Umeme umekatika" likipokelewa, kete inatoka kwa mshale huo hadi "Washa jenereta", na kete nyingine zote zilizokuwa ndani ya eneo hufutwa papo hapo, pamoja na matendo yaliyokuwa yakiendelea.

Neno "hufutwa" ndilo la kuangalia. Mchoraji asiye makini huuzungusha mstari kwenye mchoro mzima, akiona ndiyo salama zaidi. Weka punje kati ya "Mimina tangini" na "Andika lita", kisha ukate umeme. Maziwa yako tangini, punje imeondolewa, na akaunti haikuandikwa. Kwa lugha ya mchoro ni kete iliyofutwa, lakini kwa mfugaji ni lita 20 zilizopotea bila risiti. Kwa hiyo mstari wa vipande ulizingire tendo la "Pima debe" peke yake, ambalo linaweza kurudiwa bila hasara jenereta likishawaka, na kila kitu kuanzia kwenye mgawanyo hadi "Andika lita" kibaki nje ya eneo hilo.

Kujaribu mchoro

Ukimaliza, usimpe mwandishi wa programu kwanza. Mpelekee mpokezi. Mpe punje, mweleze kanuni ya kete kwa dakika mbili, kisha mtajie visa kimoja baada ya kingine: mfugaji mwenye debe moja zuri, mwenye madebe matatu ambapo la pili limekataliwa, debe ambalo si zamu yake ya sampuli, umeme uliokatika wakati laktomita imo ndani ya maziwa. Hesabu nodi zako za uamuzi na uhakikishe kwamba kila mshale unaotoka kwenye kila moja umepitiwa na punje angalau mara moja. Visa hivyohivyo vitakuwa majaribio ya programu itakapoandikwa, kwa hiyo viandike pembeni mwa karatasi.

Nyamaza anapozisogeza punje. Atasimama mahali fulani na kuuliza, "Hapa tunamngoja nani?" Weka alama ya penseli mahali hapo, mwache aendelee hadi mwisho, kisha rudini pamoja kwenye alama hizo, mkiwa na kifutio.